Kwa Jembe la Mvua Tunapanda Ndago

Hapa Bunia mwanamke hupimwa kwa udongo wa shamba lake. Ukiwa mtupu, hauna hata jani kati ya mistari ya maharagi, anasifiwa kuwa mchapakazi. Ukifunikwa, wapita njia husema amefuga pori. Nakipinga kipimo hicho. Kimewavunja mama zetu migongo na ndago iko palepale.

Ndago si jani la mchezo. Mwaka 1977 LeRoy Holm na wenzake, walioandika kitabu juu ya magugu mabaya kupita yote duniani, waliiweka ya kwanza. Ichimbue polepole utaona kwa nini: chini kuna viazi vidogo vyeusi vilivyoungana kwa nyuzi ngumu kama tasbihi. Kile chenye jani huwazuia wenzake wasichipue. Jembe likizikata nyuzi, kila kiazi kinakuwa huru. Mvua ikinyesha, palipokuwa na jani moja panaota manne. Sangari ni hivyohivyo, kila kipande cha mzizi wake ni mbegu. Tunalima Aprili tukidhani tunaua, kumbe tunapanda. Na anayechoma moto anaunguza majani tu. Viazi viko chini, havisikii joto.

Jembe hilohilo lishike Januari, jua likiwa kali. Geuza udongo, viazi na mizizi vikae juu vikauke. Vya chini sana vitabaki, na hivyo viachie kivuli, maana ndago haikivumilii: panda viazi vitamu vitambae, maboga, maharagi ya kukaribiana. Lengalenga ikiota yenyewe, iache uichume. Inaniuma kuona mama aking'oa lengalenga asubuhi, halafu jioni anatoa franka zake sokoni kununua fungu la mboga hiyohiyo.

Zamani, huko vijijini, shamba lililochoka liliachwa miaka kadhaa. Vichaka vikafunga, kivuli kikafanya kazi yake. Lakini tangu vita viliporudi katika eneo la Djugu, Desemba 2017, familia nyingi zilizokimbilia mjini zinalima vipande vidogo vya kukodi, msimu kwa msimu, bila kupumzisha. Watu hao hao ndio tunaowahimiza waparue udongo uwe uchi.

Nitaambiwa majani yanaleta nyoka na mbu. Kwa nyoka nakubali: karibu na mlango, fyeka. Ila mbu wa malaria hutaga mayai majini, na anapenda sana vidimbwi vidogo vilivyo wazi juani, kama vile vinavyotuama kwenye udongo usio na kitu.

Halafu kuna lile ua la manjano linalofanana na alizeti, ambalo asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Tunalifyeka na kulichoma. Magharibi mwa Kenya watafiti walipima majani yake makavu wakakuta kiasi cha asilimia 3.5 ya naitrojeni na 4 ya potasiamu, na wakulima wakayafanya mbolea. Kata majani na ncha laini kabla halijatoa mbegu, utandaze kati ya mistari. Vijiti vigumu usiviache udongoni, vitaota.

Mama atakayefanya hivyo, shamba lake litaonekana chafu. Jirani, usimwite mvivu. Mwombe ruhusa, ingia, funua hayo majani, tia mkono kwenye udongo wake.