Maumivu ya Mnyonge ni Kazi ya Taifa

Mwaka 1961 wananchi wa Tanganyika wanaukumbuka kwa jambo moja kubwa, nalo ni Uhuru. Lakini mwaka huo huo, tarehe 30 Machi, mataifa yalikutana New York yakafanya mkataba juu ya dawa za kulevya. Wengi wanajua kwamba mkataba ule ulikataza dawa hizo zisiuzwe ovyo. Wachache wanajua kwamba ulisema na neno la pili: kuwa dawa za jamii hiyo hazina budi kuwapo kwa ajili ya kutuliza maumivu ya wagonjwa, na kwamba serikali zina wajibu wa kuhakikisha zinapatikana.

Neno la kwanza tulilishika vizuri. Tukafunga makabati, tukatia kufuli, tukaandika madaftari. Neno la pili dunia imeliacha njiani, na anayelipa gharama yake ni mnyonge.

Tazameni hesabu. Mwaka 2017 tume ya wataalamu iliyoundwa na Lancet, gazeti la waganga la Uingereza, ilipima dawa zote za jamii ya mofini zilizogawiwa duniani kwa mwaka. Jumla ilikuwa tani 298.5. Katika hizo, nchi maskini kabisa zilipata sehemu moja tu ya kumi ya tani moja, yaani kilo mia. Katika kila kilo elfu tatu, maskini alipewa kilo moja! Je, maskini haumwi? Kansa ya Mwafrika ina huruma kuliko kansa ya Mzungu?

Sisi tulioonja ukoloni tunaujua ugawaji wa namna hii. Wazee wa Dar es Salaam wanakumbuka kwamba hospitali ya Ocean Road, pale penye upepo wa bahari, ilikuwa ya Wazungu, na Mwafrika alikwenda zake Sewa Haji. Uhuru uliifungua milango ile. Leo Ocean Road ni taasisi ya kutibu kansa, na mkulima wa Kigoma analala humo sawa na mtu yeyote. Lakini mlango wa hospitali kuwa wazi hakutoshi, ikiwa mgonjwa aliyeingia anakesha akilia na hakuna aliyefundishwa kukisikiliza kilio chake.

Hapa ndipo tunapotaka kusema wazi. Maumivu hayashindwi kwa dawa peke yake. Hushindwa kwanza na mtu aliyefundishwa, tena aliyefundishwa kwa mikono yake, kando ya kitanda.

Sisi tuna desturi ya kusifu uvumilivu. Mama akiwa katika uchungu huambiwa, "Jikaze." Kijana aliyevunjika mguu kwa ajali ya pikipiki huambiwa, "Mwanamume halii." Mtoto mwenye selimundu, ambaye damu yake huziba katika mishipa midogo na kumletea maumivu makali ya mifupa, hufika hospitali mara ya tatu katika mwezi mmoja, na yuko atakayenong'ona kuwa anadeka. Nchi yetu ni mojawapo ya nchi ambako watoto wengi sana huzaliwa na ugonjwa huo. Wote hao wanadeka? Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayejua maumivu ni mwenye maumivu. Kazi ya mganga ni kumwuliza, kumwamini, na kupima.

Naam, maumivu hupimwa, ingawa hayana kipimajoto. Mgonjwa huulizwa: tangu sifuri, yaani hakuna maumivu, hadi kumi, yaani maumivu yasiyo na mfano, wewe uko wapi? Asiyezoea hesabu huonyeshwa mkono: ngumi iliyofumbwa ni salama, kidole kimoja ni maumivu kidogo, vidole vyote vitano ni maumivu makali kupita yote. Mtoto huonyeshwa picha za nyuso, tangu inayocheka hadi inayolia. Tena haitoshi kuuliza akiwa amelala kimya. Mwambie akohoe, ageuke, ainue mguu. Yako maumivu ya jeraha, na yako maumivu ya mishipa ya fahamu ambayo huchoma kama moto au hupiga kama umeme, na dawa zake si zile zile. Ukishampa dawa, rudi umwulize tena. Asiyerudi kuuliza hajatibu; amegawa vidonge tu.

Kazi hii haifundishwi kwa hotuba ubaoni. Mtu hajui kuendesha mtumbwi kwa kusoma habari za makasia. Mwuguzi huijua kwa kuketi na mgonjwa halisi, huku mwalimu amesimama nyuma yake akimsahihisha. Tena haihitaji majumba wala fedha nyingi. Mwaka 2010 madaktari wawili, Roger Goucke wa Australia na Wayne Morriss wa New Zealand, walianzisha huko Papua New Guinea mafunzo ya siku moja yenye maneno matatu: tambua, pima, tibu. Siku ya kwanza wageni hufundisha. Kisha wenyeji waliofuzu hufunzwa namna ya kufundisha, na baada yake wenyeji ndio wanaosimama mbele, na wageni huketi nyuma wakitazama. Mpango huo umeenea nchi nyingi, na Afrika ya Mashariki umefika. Tunausifu kwa sababu moja: mgeni anakuja akijua siku ya kuondoka. Huo ndio msaada tunaoutaka.

Lakini mkono uliofundishwa ukifungwa na sheria, mafunzo ni bure. Jirani zetu wa Uganda waliliona hilo. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, alianzisha Kampala nyumba ya huduma kwa wagonjwa mahututi, Hospice Africa Uganda. Hapo hutengenezwa mofini ya maji kwa unga wa dawa uliochanganywa na maji, ikatiwa dawa ya kuizuia isiharibike, na rangi ili nguvu moja isidhaniwe ni nyingine. Mgonjwa hunywa nyumbani kwake, kila baada ya saa nne, hangoji mpaka maumivu yarudi kumtesa. Haina sindano, wala haina gharama ya kutisha. Shida ikawa moja: vijijini daktari hayupo, na daktari ndiye aliyeruhusiwa kuiandika. Basi mwaka 2004 Uganda ilibadili sheria. Mwuguzi na tabibu waliosoma kwa miezi tisa kazi ya kuwahudumia wagonjwa hao, na kuifanya kwa mikono, wakaruhusiwa kuandika mofini wenyewe. Hapo ndipo dawa ilipoondoka mjini ikaifuata njia ya kijijini.

Wako watakaosema, dawa hii ni hatari, itawalevya watu. Hatuidharau hofu hiyo. Tumeona vijana wa mwambao walivyoharibiwa na heroini, na katika nchi tajiri kama Marekani dawa za maumivu zilizogawiwa bila kiasi zimeua watu wengi sana. Lakini tusichanganye mambo. Hatari hutoka kwa mkono usiofundishwa na kwa mfanyabiashara mwenye tamaa. Mwuguzi aliyefunzwa anajua kuanza na dozi ndogo, kuongeza kwa hesabu, kutazama pumzi na usingizi wa mgonjwa, kumpa dawa ya kulainisha choo, na kurudisha chupa zilizobaki. Anajua pia kwamba si kila maumivu yanataka mofini: mengi hutulia kwa parasetamoli iliyotolewa kwa saa zake. Kwa hiyo anayeogopa dawa hii na aongeze mafunzo. Akizuia dawa na mafunzo kwa pamoja, hajamlinda mtu. Amemwacha mama mwenye kansa ya kizazi alie mpaka siku yake ya mwisho.

Wengine hudhani kuwa mofini ni dawa ya kufia. Sivyo. Ni dawa ya kumwezesha mtu kulala, kula, kuzungumza na wanawe, na kupanga mambo ya nyumba yake akiwa na akili timamu. Anayeondoka duniani naye ni raia, na heshima yake haikatiki kwa kuwa hawezi tena kushika jembe.

Basi twadai mambo matatu. Kwanza, kila chuo cha wauguzi, wakunga na matabibu kifundishe kupima na kutibu maumivu kwa vitendo, na mwanafunzi asipewe cheti mpaka ameonekana kitandani akiifanya kazi hiyo. Pili, wale walio kazini tayari, hasa katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini, wafuatwe huko huko waliko, na waliofuzu wawafundishe wenzao. Tatu, sheria na kanuni zetu zitazamwe upya kwa jicho la Uganda, ili mkono uliofundishwa upewe ufunguo wa kabati, pamoja na daftari la kujibu kila tone lililotoka.

Na wewe mwanachama una kazi. Katika mkutano wa tawi lako, uliza: zahanati yetu ina dawa gani ya maumivu? Nani amefundishwa kuitoa? Ukimwuguza mzazi au mtoto, mwambie bibi mwuguzi kweli yote, usimfiche. Mficha maradhi, kilio humfichua. Wala usimtukane mwuguzi asiyejua asilofundishwa. Idai elimu yake kama unavyodai dawa.

Tulisema ya kwamba adui zetu ni ujinga, maradhi na umaskini. Katika kitanda cha mgonjwa anayelia usiku wote, adui hao watatu wamekaa pamoja. Tukianza na ujinga, maana huo tunaweza kuuondoa kwa mikono yetu wenyewe, wale wawili watakuwa wamepungukiwa na mwenzao.

UHURU NA KAZI!