Saladi ya viazi ni ya bwana na bibi

Ndugu mfanyakazi, katika kambi zetu mtoto akikawia kuja, watu wote wanamtazama bibi. Mama mkwe anauliza, majirani wananong'ona, dawa zinatafutwa kwa ajili ya bibi peke yake. Bwana haulizwi kitu. Hiyo si haki. Waganga wanajua vizuri kwamba shida ya uzazi inaweza kutoka kwa mume vilevile. Mbegu ya mwanaume inachukua karibu miezi miwili na nusu kutengenezwa. Pombe, tumbako na vumbi la leo vinaweza kuiharibu.

Basi tuzungumze chakula. Wengi wanaiona saladi ya viazi kuwa chakula cha sikukuu, tena yenye mayonezi mengi. Mimi nasema: acheni mayonezi ya nyumbani. Mayai mabichi katika joto letu, pasipo frigo, yanaleta ugonjwa wa tumbo, na mama mwenye mimba asiyaonje hata kidogo. Pondeni avoka lililoiva, tieni maji ya ndimu na chumvi kidogo yenye iodi. Mafuta mazuri mmeyapata, na chupa hamkununua.

Viazi vipikwe na maganda yake, ili vitamini C isipotee yote majini. Vyenye rangi ya kijani vitupeni, vina sumu. Changanyeni na maharagi yaliyoiva sana, mayai yaliyochemshwa mpaka yakauke ndani, kitunguu, nyanya, na lengalenga iliyopitishwa katika maji ya moto. Maharagi, lengalenga na avoka vina vitamini inayoitwa folati. Uti wa mgongo wa mtoto unafungika ndani ya siku 28 za kwanza za mimba, na mara nyingi mama hajajua bado kama ana mimba! Kwa hiyo bibi asingoje. Aombe pia vidonge vya asidi foliki hopitalini, kwani chakula peke yake hakitoshi. Chai ingoje saa moja au mbili baada ya kula, kwa sababu inazuia mwili kupata chuma cha maharagi.

Saladi haifanyi muujiza. Mkikaa mwaka mzima bila mimba, nendeni hopitali ninyi wawili, si bibi peke yake.

Tena kuna jambo la vumbi. Uchunguzi uliofanywa Lubumbashi na kutangazwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba watoto ambao baba zao wana kazi ya migodi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kilema. Bwana, usiingie jikoni na nguo za kazi. Oga kazini; pasipo bafu, wajumbe wa sendika waidai, maana hilo si jambo la anasa. Nawa mikono kwa sabuni, kucha nazo, kabla ya kugusa sahani. Na nguo hizo zifuliwe peke yake, si katika beseni moja na nguo za mtoto.