Mtoano wa kupanda Ligi Kuu: Arusha isiuwekee matumaini yote

Msimu wa 2024/25 umekwisha na Arusha imebaki palepale. TMA Stars ya Monduli na Mbuni zilikuwa kati ya timu 16 za Ligi ya Championship, lakini zote mbili zimemaliza bila kupanda. Tiketi mbili za moja kwa moja zimekwenda kwa Mtibwa Sugar na Mbeya City.

Kwa shabiki wa Terrat, Muriet au Sombetini, maana yake ni moja: Ligi Kuu Bara itaendelea kutazamwa kibanda umiza. Timu ya mwisho ya Arusha kucheza ligi hiyo ilikuwa JKT Oljoro, iliyopanda 2011 na kushuka 2014. Miaka 11 imepita.

Sasa vijiweni hesabu za msimu wa 2025/26 zimeanza, na kauli inayosikika sana ni hii: "Tukipata hata nafasi ya nne, mtoano utatubeba." Je, ni kweli?

Mtoano unavyokwenda

Championship ina mechi 30 kwa kila timu. Ya kwanza na ya pili zinapanda moja kwa moja. Ya tatu na ya nne zinakutana nyumbani na ugenini.

Huku juu, timu za 15 na 16 za Ligi Kuu zinashuka bila mjadala. Ya 13 na ya 14 zinacheza zenyewe kwa zenyewe. Atakayepigwa hapo anakutana na mshindi wa kule Championship, tena mechi mbili. Anayeshinda anacheza Ligi Kuu, mwingine anaanzia chini.

Kwa hiyo timu ya Championship inayopitia njia hii inaongeza mechi nne za presha juu ya zile 30.

Rekodi inasemaje

Angalia misimu minne iliyopita.

2022: JKT Tanzania ilikutana na Tanzania Prisons. Prisons ikabaki Ligi Kuu.

2023: Mashujaa ya Kigoma iliitoa Pamba, kisha ikaitoa Mbeya City. Ikapanda.

2024: Biashara United ya Mara ilikutana na Tabora United. Tabora ikabaki.

2025: Stand United ya Shinyanga ilikutana na Fountain Gate. Fountain Gate ikabaki.

Mara nne, na timu ya Championship imetoboa mara moja tu. Mlango upo, ila ni mwembamba.

Sababu si ngumu kuziona. Timu ya Ligi Kuu, hata ikiwa imechoka na iko mkiani, imeshacheza msimu mzima dhidi ya Simba, Yanga na Azam. Halafu kuna pesa. Mkataba wa Azam Media wa haki za matangazo uliosainiwa 2021 ni wa Sh225.6 bilioni kwa miaka 10, na klabu za Ligi Kuu zinapata mgawo wake. Timu inayosaka kupanda inaingia kwenye mechi hiyo ikiwa haina mgawo huo.

Kushindwa si mwisho

Hata hivyo, rekodi hiyohiyo ina habari njema. JKT Tanzania ilikwama kwenye mtoano wa 2022, msimu uliofuata ikawa bingwa wa Championship. Pamba ilikwama 2023, mwaka 2024 ikapanda moja kwa moja ikishika nafasi ya pili nyuma ya KenGold. Mbeya City, iliyoshushwa na Mashujaa 2023, sasa imerudi.

Si wote lakini. Biashara United ilikosa 2024 na msimu uliofuata haikupanda.

Somo hapo ni kwamba timu inayokwama haipaswi kubomoa kikosi. Kila Juni baadhi ya klabu huachana na kocha, huuza wachezaji na kuanza upya Agosti. Wanaopanda mara nyingi ni wale walioanza kujenga mapema na kuvumilia.

Kidonda cha 2016

Arusha ina sababu nyingine ya kutocheza na hesabu za dakika za mwisho. Mwanzoni mwa 2016, siku ya mwisho ya Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa mabao 8-0. Siku hiyohiyo Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0. Geita na Polisi Tabora zilikuwa zikiwania nafasi moja ya kupanda.

TFF haikukubali matokeo yale. Timu zote nne zilishushwa kwa kosa la kupanga matokeo, na Mbao ya Mwanza ndiyo ikapanda. Oljoro, iliyokuwa Ligi Kuu miaka miwili tu nyuma, ikapotea kwenye ramani. Jina lililowahi kuijaza Sheikh Amri Abeid likabaki hadithi.

Uwanja unakuja, timu iko wapi?

Kinachofanya msimu ujao uwe na uzito zaidi ni uwanja mpya wa watu 30,000 unaojengwa Olmoti kwa ajili ya AFCON 2027, mashindano ambayo Tanzania itaandaa pamoja na Kenya na Uganda. Kwa mtu wa Terrat huo ni uwanja wa jirani kabisa.

AFCON itakuja na kuondoka. Baada ya hapo nani atacheza pale kila wiki? Bila timu ya Ligi Kuu, uwanja utasubiri Simba na Yanga zipeleke mechi, na mama lishe, bodaboda na wauza jezi watasubiri pamoja nao. Na kijana wa Terrat mwenye kipaji ataendelea kupanda basi kwenda kutafuta timu mikoa mingine.

Hapa ndipo TMA na Mbuni zinapobeba zaidi ya pointi tatu. Ni timu za jeshi, hivyo zina kambi na nidhamu, jambo ambalo timu nyingi za mitaani hulikosa. Mashujaa na JKT Tanzania zimeonyesha kuwa njia hiyo inafika Ligi Kuu. Zinachokosa ni watu jukwaani. Safari ya kwenda Songea ni zaidi ya kilomita 1,000, na timu ikirudi kutoka huko ikakuta jukwaa tupu, faida ya nyumbani haipo.

Kwa hiyo msimu wa 2025/26 ukianza, shabiki asisubiri Mei kuuliza nani yuko nafasi ya nne. Aangalie mechi 10 za kwanza. Timu ikiwa kwenye mbili bora kufikia hapo, kuna sababu ya kuota. Ikiwa inahesabu mtoano mapema hivyo, rekodi inaonyesha kwamba watatu kati ya wanne waliopita mlango ule walirudi mikono mitupu.