Alarmu ya nyumba: kode ikae mu mikono ya wenye nyumba

Katika kartiye nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, mutu akipata prima, kitu cha kwanza anachofikiria ni kupandisha ukuta, cha pili ni kuweka chuma ku madirisha, cha tatu ni alarmu. Hatuwezi kumulaumu. Baba anaingia posti ya usiku, mama anabaki peke yake na watoto, na avenyu nzima inajua saa gari ya kampuni inapita kumuchukua. Mwizi naye anaijua. Lakini kuko neno moja ambalo wauzaji hawalisemi: alarmu isiyopangwa vizuri ni sanduku tu lenye taa ndogo nyekundu. Feza imetoka, usalama haujaingia.

Wazee wetu hawakuwa na shida hii. Katika kambi za Union Minière, kisha za Gécamines, kampuni ndiyo iliyojenga nyumba na kampuni ndiyo iliyozilinda. Leo mufanyakazi wa mugodi anakaa mu kartiye kama watu wote, na ulinzi wa lupango ni juu yake mwenyewe. Kwa hiyo ninasema wazi: kazi ya fundi ni kuvuta nyaya na kufunga vyombo. Kupanga alarmu ni kazi ya wenye nyumba, bwana na bibi pamoja, fundi akiwa pembeni kuwaonyesha.

Tuanze na kode. Kila santrali inatoka kiwandani na kode iliyokwisha kuwekwa ndani. Ku mashini nyingi kode ya mwenye nyumba ni 1234, na ile ya fundi ni 0000 ao 5555. Hiyo si siri, imeandikwa ndani ya vitabu vya mashini na kila fundi anaijua. Kode ya kwanza inawasha na kuzima. Ile ya pili ni nzito zaidi: inafungua mupango wote, na mwenye kuishika anaweza kufuta mulango fulani ao kunyamazisha sirene, nawe usijue. Familia nyingi zinabadilisha ya kwanza na kusahau ya pili. Fundi akienda, pamoja na vijana waliomubebea ngazi, nyumba yako inabaki wazi mu kichwa chao.

Mbele ya kulipa feza ya mwisho, ombeni fundi abadilishe kode yake mbele ya macho yenu, aiandike ku karatasi, nanyi muichunge pamoja na karatasi za lupango. Kuko mafundi wanaokataa, wanasema: "Ile si kazi ya mwenye nyumba, mukuwe na shida mutaniita tu." Hapana. Mutu akikujengea nyumba, haondoki na ufunguo.

Kode yenu ninyi msichague mwaka wa kuzaliwa ao namba ya lupango. Namba nne zinatoa kode 10 000, ni mingi kwa mwizi. Lakini kama klavye imechakaa ku vibonyezo vinne tu, kode zinazobaki ni 24, na hizo mutu anaweza kuzijaribu. Basi mubadilishe mara kwa mara, na mupanguze klavye. Tena kila mutu awe na kode yake: mama yake, mutoto mukubwa yake, mutumishi yake. Mutumishi akiacha kazi, munafuta ya kwake tu. Na santrali nyingi zinachunga kumbukumbu: nani alizima, siku gani, saa ngapi. Hakutakuwa tena maneno ya kushitakiana bila ushahidi mu nyumba.

Jambo la pili ndilo linaloniuma zaidi. Alarmu iko na namna mbili za kuwaka: moja wakati wote wametoka, nyingine wakati watu wamelala ndani. Katika namna ya pili, milango na madirisha yanalinda, lakini detekteri za saloni na kuluwari zinapumzika, ili mutoto akiamka kwenda chooni asiamushe avenyu nzima. Fundi akiharaka, anaonyesha ile ya kwanza tu. Matokeo yake ni haya: Siku ya Mungu saa ya misa alarmu inawaka, na usiku, saa ya wezi wenyewe, imezimwa, juu sirene ililia mara mbili kwa sababu ya mutoto na mama akachoka nayo. Alarmu inalinda viti vya saloni, hailindi watu. Bamama, muulize fundi: "Tukiwa ndani usiku, tunabonyeza wapi?" Asipowajibu vizuri, kazi yake haijaisha.

Muulize pia juu ya dakika. Mulango mukubwa unapewa nafasi, sekunde 30 hivi, ili mwenye kuingia afike ku klavye. Wakati wa kutoka, sekunde 60 zinatosha kwa mama mwenye mutoto mu mugongo. Lakini madirisha na mulango wa jikoni havipewe hata sekunde moja, kwani mutu wa heri hapiti pale. Fundi asiyeuliza anaweka nafasi ileile fasi yote, na hizo sekunde 30 anazipata mwizi.

Sasa simu. Alarmu nyingi zinazouzwa kwetu ziko na karti SIM ndani, zinatuma mesaji ao zinapiga simu. Namba ya kwanza inayoandikwa ni ya nani? Ya baba, sababu ndiye aliyelipa. Lakini baba yuko wapi usiku ule? Mutu aliye chini ya udongo kule Kamoto ao Kipushi, mara nyingi simu yake imebaki juu mu kabati. Aliye mu kambi ya kampuni mbali na mji anaweza kusoma mesaji, lakini hawezi kufika. Heshima ya baba haipotei kama namba yake inawekwa ya mwisho. Ya kwanza iwe ya jirani anayelala pale pale, ya pili ndugu mwenye gari, ya tatu mutu wa ulinzi wa kartiye, na hao wote muongee nao mbele, wajue watafanya nini. Na ile karti SIM inahitaji mayunite. Karti isiyo na mayunite ni bubu, na ikikaa muda mrefu bila kutumiwa, kampuni ya simu inaikata. Kama santrali yenu inaweza kutuma mesaji ya majaribio kila juma, muiwashe: siku mesaji haikuja, munajua kuko shida.

Tuje ku umeme, kwani hapa kwetu delestaji ni sehemu ya maisha. Ndani ya santrali kuko bateri, mara nyingi ya volti 12 na ampe-saa 7. Hesabu ni nyepesi: kama vyombo vyote vinakunywa ampe 0,5, bateri mupya itafika karibu masaa 14. Ikishakuwa na miaka mitatu ao mine, haifiki tena pale. Na umeme wa SNEL ukirudi masaa mawili tu na kuondoka tena, haipati kujaa. Mupange santrali itoe mesaji wakati umeme unakatika na wakati bateri inaishiwa. Mujihazari pia na zile alarmu za bei ndogo zinazopita ku intaneti ya nyumba tu: umeme ukienda, kifaa cha intaneti kinazimika, na alarmu haina tena mutu wa kumuita.

Najua jibu la wengi: "Bezi ba huku banakuya na bunduki, alarmu itabafanya nini?" Ni neno la kweli, na halina dawa kamili. Alarmu haisimamishi risasi. Inanunua dakika: inalia wakati mwizi yuko bado ku dirisha, si wakati amekwisha kusimama ku kitanda. Katika dakika hizo mama anakusanya watoto mu chumba kimoja, anafunga, anaita. Hatoki inje kuangalia. Na kama wamekwisha kuingia na wanamulazimisha kuzima, santrali nyingi ziko na kode ya kulazimishwa: inanyamazisha sirene kama kawaida, lakini inatuma mesaji ya siri kwa wale mulioandika. Hiyo kode haijifanye yenyewe, inapangwa. Ni nyumba ngapi zinayo? Ni mama ngapi walifundishwa? Pale ndipo uzito wote wa maneno haya unapokaa.

Linabaki jambo la majirani. Sirene inayolia kila usiku kwa sababu ya paka ao ya rido inayopigwa na upepo, inafundisha avenyu kulala. Siku ya kweli, hakuna atakayeamka. Detekteri isiangalie dirisha wala mahali pa moto. Dirisha lisilofungika vizuri litengenezwe mbele ya kuwekewa alarmu. Sirene ilie dakika chache kisha inyamaze, si mupaka asubuhi. Na mara moja kwa mwezi, muchana, muwaarifu majirani, mufungue kila mulango, mupite mbele ya kila detekteri, muone kama inajibu.

Kazi yote hii inachukua saa mbili za siku ya mapumuziko, na haiombi hata faranga moja zaidi. Mufanyakazi wa mugodi hashuki shimoni bila kupima taa yake na kofia yake. Nyumba nayo ipimwe hivyohivyo, na bibi anayebaki usiku ndiye wa kwanza kushika kitabu cha mashini na kujua kila kibonyezo.