Hija siyo kugombania treni

Kule nyumbani Singida majirani zetu Wahindu wanapanga kwenda India kwa kikundi, wakaoge mto Ganga. Treni toka Delhi hadi Haridwar, kisha Varanasi. Vijana wao wameshupalia eti lazima iwe siku kuu ya Kumbh Mela 2027 pale Haridwar, la sivyo ni bure.

Napinga! Januari 29, 2025 watu wasiopungua 30 walikufa kwa kukanyagana Prayagraj. Februari 15 wengine 18 wakafia stesheni ya New Delhi, wengi wakiwahi treni za huko huko. Jamani, Ganga ipo mwaka mzima! Tiketi zinafunguliwa siku 60 kabla. Kateni mapema, bibi apate kitanda cha chini, arudi salama.

Naomba kuwasilisha.