Jembe Lisiwe Adhabu

Ndugu zangu wa Ngara na Biharamulo, hasa ninyi vijana mnaosomea ualimu, nina neno nanyi.

Nilipokuwa shule ya msingi, aliyechelewa namba alipimiwa hatua za kulima. Aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani, naye alipimiwa zake. Tukajua mapema kwamba ardhi ni adhabu na lugha ya mama ni kosa. Mwalimu wetu hakuwa na roho mbaya. Alitufundisha kama alivyofundishwa. Kwa hiyo dawa ianzie chuoni, kwa mwalimu.

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, hakuagiza watoto wachoshwe. Alitaka shamba la shule liwe darasa: wanafunzi wapange, walime, wavune, kisha wapime wenyewe walipokosea. Sisi tukashika jembe, tukaliacha somo.

Na somo lipo tele. Mzee wa Kihangaza au wa Kishubi akikupitisha kwenye migomba yake, atakuonyesha upi wa kupika, upi wa pombe, na kwa nini shina hutandikwa nyasi. Mnyauko wa bakteria ulipoivamia migomba ya Kagera miaka ya 2000, wakulima walihimizwa kukata ua dume kwa kijiti chenye panda, kupitisha kisu motoni na kung'oa mashina yaliyougua. Mwalimu aliyewahi kuifanya kazi hiyo hahitaji picha ya kitabuni ili kueleza bakteria huambukizaje.

Jiografia nayo iko Rusumo, Ruvubu inapokutana na Kagera. Hapo hapo pana historia: mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja tu. Waulizeni wazee wa Benaco, wakimbizi hao walikopiga kambi, waliwapokeaje wageni, na miti ya kuni ilikwenda wapi. Biharamulo kuna boma la Wajerumani. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili litaanzia wapi pengine, kama si miguuni petu?

Wapo watakaosema huu ni ukabila. Sivyo. Mwaka 1962 Nyerere huyo huyo, aliyepigania umoja kuliko wengi, aliunda wizara ya utamaduni wa taifa, na utamaduni wa taifa haushuki kutoka mawinguni, unatoka majumbani. Kinachotugawa ni aibu. Mtoto wa Ngara akitamka neno la Kihangaza, lugha iliyo jirani na Kirundi, wapo wanaomwuliza kama kweli ni Mtanzania. Mwalimu asiyeijua ardhi ile atanyamaza. Anayeijua atamjibia kwa jina la kilima na kaburi la babu. Na darasa la Biharamulo lenye Msubi, Mzinza na Msukuma litapata majina matatu ya mbegu moja. Hiyo si hasara kwa yeyote.

Basi wakuu wa vyuo, mwanachuo akienda mazoezi ya kufundisha (BTP) asipimwe kwa andalio la somo na zana peke yake. Akae na mzee mmoja wa kijiji, apande naye, aandike alichoelezwa, akifundishe darasani kwa Kiswahili safi, kisha ndipo apewe alama. Nanyi wazee, msilalamike kwamba vijana hawaulizi huku mkiwafungia mlango. Mwacha mila ni mtumwa, lakini aliyenyimwa mila aiachaje?

Nawe mwalimu kijana, siku utakayopangiwa shule yako ya kwanza, futa hatua za kulima katika orodha ya adhabu. Aliyechelewa mtafutie adhabu nyingine. Jembe mpe aliyewahi, kisha ushike la kwako, mwende shambani pamoja.