Kifungo cha nje Kiembeni: Teja anachungwa na nani?

Kiembeni tunaijua hii stori. Teja kaiba simu, kanusurika kuchomwa, kapelekwa Mahakama ya Shanzu. Mtaa unangoja afungwe Shimo la Tewa. Wiki chache baadaye yuko maskani, na watu wanaulizana hakimu alikula ngapi.

Mara nyingi hakuna kilicholiwa. Hicho ni kifungo cha nje. Sheria ya probesheni, Sura ya 64, inamruhusu hakimu kumweka mtu chini ya afisa wa probesheni kwa miezi 6 hadi miaka 3 badala ya jela. Mwenyewe lazima ayakubali masharti. Akiyavunja, anarudishwa kortini na anaweza kuhukumiwa kwa kosa lile lile.

Kwa teja, mpango huu una maana. Arosto ndiyo inayomsukuma kuiba. Methadone huituliza kwa karibu siku nzima, lakini inanywewa kila siku, mbele ya mhudumu wa kliniki. Akikosa siku kadhaa mfululizo, dozi inaanzishwa tena kutoka chini.

Sasa piga hesabu. Kliniki ya methadone iko Kisauni. Hiyo ni nauli ya kwenda na kurudi, siku 7 kwa wiki, kwa mtu asiye na kazi. Kama pia ana ugonjwa wa akili na ametumwa hospitali ya Port Reitz, avuke daraja la Nyali, apite kisiwani, atokee Changamwe. Bado kuna siku ya kuripoti kwa afisa. Akikosa, kwenye faili anaonekana mkaidi, kumbe hana nauli.

Maoni yangu: kuripoti kufanyike pale pale anapokunywa dawa. Akiridhia, kliniki imjulishe afisa mapema anapoanza kukosa. Akiteleza akarudia unga, atibiwe kama mgonjwa aliyezidiwa. Akiiba tena, hiyo ni kesi.

Na sisi majirani tumo. Kabla ya hukumu, afisa wa probesheni huja mtaani kuuliza familia, mzee wa mtaa na hata aliyeibiwa. Wengi wetu hujibu kwa mkato, "Mpelekeni mbali." Sawa, lakini kifungo cha wizi wa simu kina mwisho, na akitoka bila matibabu atashukia stegi ile ile ya Kiembeni. Kwa hivyo siku afisa akibisha kwako, sema ulichoibiwa, halafu sema nani kwao anaweza kumpeleka Kisauni kila asubuhi.